Udongo wa msituni, vumbi la uyoga au unga wa pakiti: mche wa mpaina upewe kuvu ipi?

Chukua mche mmoja wa mpaina wa miezi mitano, chana kiriba kwa wembe, loweka mizizi pamoja na udongo wake kwenye beseni la maji kwa nusu saa. Usivute wala usisugue. Tikisa taratibu mpaka udongo udondoke wenyewe. Mwaga maji, weka mengine masafi, kisha tazama ile mizizi midogo kabisa inayotoka ubavuni mwa mizizi mirefu. Ukiona vijiti vifupi, vinene kidogo, vilivyogawanyika kama panda ya manati na kuvikwa kitu kama pamba nyembamba, mche wako una mwenzake, yaani kuvu inayoishi na mizizi yake. Ukiona mizizi myembamba ya kahawia yenye vinyweleo tu, mche uko peke yake, na ukiupeleka kwenye shamba la nyasi ambalo halijawahi kuota mpaina, utadumaa mbele ya macho yako.

Nina kitalu karibu na Mafinga, kusini mwa Tanzania, kwa miaka 11 sasa. Wakulima wa miti wa Mufindi na Njombe wananiuliza swali moja kuliko mengine yote: nichanganye udongo wa msituni, yaani wa chini ya mipaina iliyokwisha kukua, nikusanye uyoga, au ninunue dukani unga wa mikoriza, kuvu zinazoishi na mizizi? Njia zote tatu nimezitumia. Jibu langu linaanzia kwenye umbo la mzizi, kwa sababu anayejua anachokitafuta kwenye mzizi hawezi kuuziwa kisichofaa.

Kwanza tuelewane kwa nini jambo hili ni la lazima. Mpaina tunaoupanda zaidi huku, Pinus patula, asili yake ni Mexico. Mbegu ilipokuja, kuvu zake hazikuja nayo. Puerto Rico walihangaika miaka mingi na misonobari, ndiyo mipaina: mbegu inaota, mche unageuka njano, unakufa. Katika miaka ya 1950 wakaleta udongo kutoka chini ya misonobari ya North Carolina, na miche iliyopata udongo huo ikasimama. Afrika Mashariki nako waanzilishi wa mashamba ya mipaina walibeba udongo wa mashamba ya zamani kwenda vitalu vipya. Unaweza kudhani miombo yetu ingetosha, maana miyombo na mikusu nayo huishi na kuvu za aina hiyo hiyo, na ndiyo sababu uyoga hujaa miomboni mvua zikianza. Lakini kuvu nyingi za miombo hazishikamani na mpaina. Kila moja ina wenzake.

Mzizi ukitazamwa kwa karibu

Kwa nje, lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10 inatosha. Kitu cha kwanza ni ala. Kuvu huuvika mzizi mfupi jinsi ala inavyokivika kisu. Ala hiyo ni nyuzi zilizosokotana, unene wake mara nyingi ni mikroni 20 hadi 40, yaani haufikii hata unywele wa kichwani, lakini unaigundua kwa sababu hubadilisha rangi na mng'ao wa mzizi. Mzizi uliovikwa ala hauna vinyweleo. Kazi ya vinyweleo imechukuliwa na nyuzi zinazotoka kwenye ala kwenda udongoni, kila uzi mikroni 2 hadi 5 tu, mwembamba kiasi cha kupenya palipo padogo mno kwa mzizi.

Kitu cha pili ni panda. Mzizi mfupi wa mpaina hugawanyika mara mbili, kila tawi likagawanyika tena, mpaka unapata kishada kama kipande cha marijani. Hapa wengi hukosea: panda peke yake si ushahidi, kwa kuwa mizizi mifupi ya mpaina huweza kugawanyika hata bila kuvu. Panda, ala na ukosefu wa vinyweleo vitazamwe kwa pamoja.

Ukisoma maandishi ya Ulaya utakutana zaidi na msprusi, mti wa baridi ulio ndugu wa mpaina, ule ambao kwao ndio mti wa Krismasi. Picha zake zisikuchanganye. Mikoriza ya msprusi haina panda. Ina mhimili mmoja katikati na vitawi kushoto na kulia, kama mifupa ya samaki. Anayetafuta umbo hilo kwenye mpaina atasema miche yake haina kuvu kumbe inayo. Ndani, hata hivyo, miti hii miwili ni mamoja.

Hayo ya ndani niliyaona siku moja tu, na sijayasahau. Nilimwomba mwalimu wa baiolojia wa sekondari ya jirani anifungulie maabara. Tulikata ncha moja ya mzizi kwa wembe mpya, vipande vyembamba kama ngozi ya kitunguu, tukadondoshea wino wa buluu uliochanganywa na siki. Kwenye hadubini ya kukuza mara 400 tuliona duara la nje, ndiyo ala. Baada yake seli chache za kahawia zilizobanwa. Kisha seli kubwa za koteksi, ile nyama ya mzizi, na kati ya seli na seli ukapita mstari wa buluu, pande zote, kama udongo kati ya tofali na tofali. "Mzee, hii haijaingia ndani ya seli hata moja," mwalimu akasema. Kweli, haikuwa imeingia. Huo ndio wavu wa Hartig. Kwenye mpaina na msprusi wavu huo hupita safu kadhaa za seli ukaishia kwenye endodemi, ukuta unaozunguka mishipa ya katikati. Mti hutoa sukari hapo. Kuvu hutoa fosforasi, naitrojeni na maji. Kwenye mkaratusi wavu hubaki kwenye safu ya nje tu, na seli za safu hiyo hurefuka.

Theodor Hartig, Mjerumani wa elimu ya misitu, aliueleza wavu huo mwaka 1840 bila kujua kwamba ni kuvu. Aliyeupa uhusiano huu jina la mikoriza, yaani mzizi-kuvu, ni Albert Bernhard Frank, mwaka 1885. Alisema kuvu ni mlezi wa mti, kama mama anyonyeshaye mtoto wa mwingine, na wasomi wengi wa wakati wake walimpinga.

Unga wa pakiti

Naanza na huu kwa sababu uliniumiza. Msimu mmoja nilinunua pakiti za unga wa mikoriza kwenye duka moja la pembejeo. Muuzaji aliniambia unafaa "miti yote". Niliuchanganya kwenye viriba 4,000, nikaacha udongo wa msituni kwa kuamini kwamba sasa nimeingia kwenye kilimo cha kisasa. Mwezi wa nne sindano za miche zilianza kugeuka zambarau ncha zake, dalili ya njaa ya fosforasi, isipokuwa kwenye kona moja ya tuta ambako zamani nilikuwa narundika udongo wa msituni. Kona hiyo ilikuwa ya kijani kibichi. Nilirudi kusoma pakiti kwa lenzi ile ile ninayotumia kwa mizizi, nikaona majina mawili: Glomus na Rhizophagus.

Hizo ni mikoriza za ndani. Hazitengenezi ala wala wavu wa Hartig. Huingia ndani ya seli za mzizi na kujigawa humo kama kijiti chenye matawi mengi, na kwa nje mzizi hauonyeshi chochote. Bila kuupaka rangi na kuuweka chini ya hadubini huwezi kujua kama zipo. Ni kuvu nzuri sana, zinaishi na mimea mingi kuliko za nje: mahindi, maharage, kahawa, migomba, parachichi, hata msaipresi unaoota jirani na mpaina kwenye kitalu hicho hicho. Lakini mpaina hauzihitaji. Mpaina unahitaji mikoriza ya nje.

Kwa hiyo kwenye pakiti soma majina, usisome picha ya mti iliyo juu yake. Ukiona Glomus, Rhizophagus, Funneliformis au Claroideoglomus peke yake, nunua kwa ajili ya parachichi. Ukiona Pisolithus, Scleroderma, Rhizopogon, Suillus au Laccaria, hapo una kitu cha mpaina. Zipo pakiti zenye makundi yote mawili. Zinafaa, ila unalipia nusu usiyoitumia. Kisha tazama tarehe ya mwisho na mahali pakiti ilipokuwa imewekwa. Pakiti iliyokaa dirishani kwenye jua mimi siichukui hata ikipunguzwa bei.

Unga wangu uliobaki niliutia kwenye miche ya parachichi, mahali pake. Mipaina 4,000 niliiokoa nusu kwa kuimwagia maji yaliyochanganywa na udongo wa msituni, na nilichelewa msimu mzima.

Udongo wa chini ya mipaina

Hii ndiyo njia ya wazee na bado ndiyo ya kwanza kwangu kwa kitalu kilicho karibu na shamba la mipaina. Gharama yake ni jasho. Uzuri wake ni kwamba unabeba kuvu nyingi kwa pamoja, zikiwa hai, nyuzi kwa spora (mbegu za kuvu), na zimeshazoea baridi ya huku, ile ya Juni na Julai inayoacha jalidi kwenye nyasi.

Chagua shamba lenye afya, miti ya miaka 10 na zaidi. Ondoa sindano kavu za juu. Chini yake kuna tabaka la sindano zilizoanza kuoza, na ukilifunua utaona nyuzi nyeupe au za njano zimeshona majani pamoja. Ukilivuta linatoka kama mkeka. Chukua hilo pamoja na udongo wa sentimita 10 za juu. Changanya ndoo 1 kwa ndoo 9 za udongo wa viriba. Beba kwenye gunia la mkonge, weka kivulini, tumia ndani ya siku chache. Udongo ulioanikwa juani ni udongo tu.

Ubaya wake nao ni mkubwa, na wengi hawausemi. Pamoja na kuvu rafiki unabeba mbegu za magugu, kinyausi kinachoangusha miche ikiwa bado midogo, na pengine Armillaria, kuvu inayoozesha mizizi ya miti mikubwa na inayojulikana Afrika Mashariki hasa penye mashamba yaliyofyekwa kutoka msitu wa asili. Usichukue udongo karibu na mti unaokufa wima au kisiki chenye utando mweupe chini ya gome. Tena usiutie kwenye tuta la kusia mbegu. Subiri uhamishie miche kwenye viriba, kinyausi kikiwa kimepungua nguvu. Halafu kuna uzito. Kwa viriba 50,000 unahitaji malori, na kama shamba lenye mipaina liko kilomita 80, hesabu inakataa. Na unapochota, omba ruhusa. Kuondoa tabaka lile la juu kila mwaka mahali pale pale kunaidhoofisha miti uliyoikuta.

Vumbi la uyoga

Kwa wenye kitalu mbali na mipaina, au wanaoogopa magonjwa ya udongo, hii naipenda. Uyoga ni tunda la kuvu ile ile inayovika mizizi. Ukichukua spora zake na kumwagilia miche, unapanda kuvu moja unayoijua, bila magugu.

Rahisi kuliko zote ni Scleroderma, ule uyoga wa mviringo kama kiazi, ngozi ngumu ya njano au kahawia, usio na kofia wala shina la maana. Hutokea chini ya mipaina na mikaratusi. Ukipasua na ndani kukawa na unga mweusi unaoelekea zambarau, umekomaa. Kausha kivulini, saga, chekecha, weka kwenye chupa kavu mahali pa baridi. Funga kitambaa puani. Vumbi hilo halifai kuvutwa. Suillus ni wa kofia yenye utelezi, na chini ya kofia hauna vipande vyembamba kama kurasa bali sifongo ya njano. Bandua sifongo hiyo, saga kwenye maji masafi ya baridi, chuja, mwagilia siku hiyo hiyo. Friji inausaidia kukaa, lakini si ile sehemu ya kugandisha.

Mwagilia miche ikiwa na wiki 6 hadi 8, mizizi mifupi inapoanza kutoka. Kabla ya hapo spora hazina pa kushika. Kisha vumilia: ala huanza kuonekana baada ya miezi miwili au mitatu, tofauti na udongo wa msituni ambao nyuzi zake hai hushika mapema. Hapo ndipo njia hii inashindwa kwa wenye haraka.

Usikusanye ule uyoga mwekundu wenye madoa meupe, Amanita muscaria, ingawa umejaa kwenye mashamba ya mipaina na ni mwenzake wa kweli. Una sumu, na spora zake ni ngumu kushika mche mdogo. Ni kuvu ya miti iliyokwisha kukua. Wala asiyejua uyoga asiule wowote kati ya hii kwa sababu mimi nimeutaja.

Ni ipi iliyoshika?

Kuvu hazilingani, na mzizi unakuambia ni ipi. Mjerumani mmoja wa Munich, Reinhard Agerer, aliyechora na kueleza mikoriza nyingi za misprusi na misonobari, mwaka 2001 alizipanga kwa kadiri nyuzi zake zinavyofika mbali na mzizi. Mpangilio huo umenisaidia kuliko majina yenyewe. Kuna kuvu za karibu, ambazo ala yake ni laini na nyuzi ni chache au fupi. Kuna za mbali, zinazosokota nyuzi kuwa kamba zinazoonekana kwa macho na kubeba maji na chakula kwa sentimita nyingi.

Ya kwanza kuiona kitaluni karibu kila mara ni Thelephora terrestris. Hujileta yenyewe kwa upepo. Ala yake ni ya kahawia hafifu, laini, na juu ya udongo utaona maumbo madogo ya kahawia kama vipepeo vya kupepea moto yamezunguka shina la mche. Watu huingiwa na hofu na kupiga dawa. Usipige. Haili mche, imeupanda tu. Ni mwenza wa kitaluni: inapenda maji na mbolea, na kwenye shamba kavu lenye udongo mchovu haina msaada mkubwa.

Suillus na Rhizopogon hutoa ala nyeupe inayoelekea waridi au kahawia, vishada vinene, na kamba ndefu. Scleroderma ni nyeupe tupu yenye kamba zing'aazo. Pisolithus haikosewi: ala ya njano kama bizari na kamba za rangi hiyo hiyo. Marekani waliitumia sana kupanda misonobari kwenye machimbo yaliyoachwa, kwa sababu inavumilia joto na ukame. Ndugu zake wapo hata pwani ya Kenya chini ya mbambakofi, lakini wa mbambakofi usidhani ndiye wa mpaina. Ukikuta ncha nyeusi ti, za duara, zenye nywele ngumu zilizosimama pande zote, hiyo ni Cenococcum, nayo ni mvumilivu wa ukame.

Mara chache utakuta mizizi yenye ala nyembamba mno, karibu haionekani, na chini ya hadubini kuvu imejizungusha hata ndani ya seli huku wavu wa Hartig upo. Ni umbo la katikati, la kawaida kwenye miche michanga ya mpaina. Si ugonjwa.

Ningechagua hivi

Kitalu chako kipo umbali wa mkokoteni kutoka mipaina mizima, na miche itapandwa pale ilipovunwa mipaina mingine: udongo wa msituni, basi. Huko hata mche ulioondoka na kuvu hafifu utakutana na nyingine ardhini.

Miche inakwenda kwenye nyasi tupu au shamba la mahindi lililochoka, mahali ambapo mpaina haujawahi kuota: ongeza vumbi la Scleroderma au Suillus juu ya udongo wa msituni, au litumie peke yake kama udongo ni mbali. Hapo mche unahitaji kuvu ya kamba ndefu tangu siku ya kwanza, na Thelephora ya kujileta haitoshi. Mahali pa joto na kokoto, tafuta Pisolithus, na hapa pakiti yenye jina hilo inastahili bei yake.

Unazalisha viriba laki moja kwa mkataba: pakiti sahihi au spora, ili kila kiriba kipate kuvu sawasawa. Udongo wa msituni kwa wingi huo huacha mabaka, tuta moja kijani na jingine njano.

Njia yoyote uichukue, mbolea yenye fosforasi nyingi itakuharibia. Mche ulioshibishwa fosforasi hauoni sababu ya kutoa sukari kwa kuvu, na ala haijengeki. Dawa za ukungu za kupenya ndani ya mmea nazo baadhi huua hicho hicho ulichokipanda. Tumia pale tu kinyausi kimekushinda, na kabla ya kutia kuvu.

Wiki 3 kabla ya mvua za kupandia, chagua miche 20 bila kubagua, mikubwa kwa midogo, kutoka pande zote za kitalu, uioshe kwenye beseni kama nilivyoeleza mwanzo. Ikiwa 15 au zaidi ina ala kwenye nusu ya ncha zake fupi, pakia gari. Ikiwa ni chini ya 10, shikilia miche, mwagilia maji ya udongo wa msituni leo hii, na umwambie mteja ukweli.